Mpiga gitaa wa kukodiwa anaposogea mbele ya maiki

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 29, nakaa Mbagala, kazi yangu ni gitaa. Nimezunguka na wasanii wakubwa wa Bongo Fleva ndani na nje ya nchi, na studio naitwa karibu kila wiki. Wimbo ukitoka, jina langu halionekani popote. Ninazo nyimbo zangu sita na naimba mwenyewe. Washikaji wanasema niachane na kazi za watu nijitoe. Mama anasema kazi ninayo, nisiichezee. Kuna mpiga gitaa wa kukodiwa aliyewahi kusimama mwenyewe akatoboa? Alifanyaje? Halafu kuna prodyuza alinisainisha karatasi mwaka juzi, sikuisoma yote. Ina shida?"

Marahaba, mwanangu. Wapo, na nitakutajia kadhaa. Nitakaa zaidi na mmoja, Mmarekani Glen Campbell, kwa sababu watu wakimsimulia huruka sehemu inayokuhusu wewe. Husema alikuwa mpiga gitaa wa studio, akatoa wimbo, akawa nyota. Hawasemi kwamba kati ya singo yake ya kwanza kuingia kwenye chati na mwaka aliotoboa kuna miaka sita, na karibu miaka yote hiyo alikuwa na sauti nzuri, mikono mizuri, lebo kubwa na marafiki wakubwa. Bado haikuwa.

Kabla sijaenda mbali nikupe jibu lenyewe: usiache kazi za kukodiwa sasa hivi. Mikono unayo, ungekuwa huna, usingeitwa kila wiki. Ambacho kazi ya deiwaka haikufundishi, na wakati mwingine inakunyang'anya kabisa, ni kujua wewe mwenyewe unasikikaje. Hicho kinatafutwa, kinakula muda, na muda huo unalipiwa na kazi hizo hizo unazotaka kuziacha.

Campbell alizaliwa tarehe 22 Aprili 1936 huko Billstown, kijiji kilicho karibu na mji mdogo wa Delight, Arkansas, katika familia ya watoto 12. Baba yake alikuwa mkulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba. Gitaa lake la kwanza liliagizwa kwa katalogi ya duka la Sears, bei dola 5, na aliyemfundisha kulishika ni mjomba wake aliyeitwa Boo. Nota hakusoma, na hakuja kuzisoma vizuri hata alipokuwa mkubwa. Mwaka 1954 alikwenda Albuquerque kupiga kwenye bendi ya mjomba mwingine, na mwaka 1960 akahamia Los Angeles. Huko akaingia kwenye bendi ya The Champs, kisha 1961 akapata kazi katika kampuni ya uchapishaji wa muziki: mchana anatunga nyimbo na kurekodi demo za kuwapelekea wasanii wengine. Demo hizo ndizo zilizomtangaza. Maprodyuza waliosikiliza wimbo walianza kuuliza ni nani huyu anayepiga.

Kuanzia hapo akawa mmoja wa kundi lisilo rasmi la wapiga vyombo wa studio za Los Angeles ambao baadaye walikuja kujulikana kama The Wrecking Crew. Ndani yake alikuwamo Hal Blaine kwenye drams, Carol Kaye kwenye besi, Tommy Tedesco kwenye gitaa, Leon Russell kwenye piano. Kwa utaratibu wa chama chao cha wanamuziki, kikao kimoja kilikuwa cha masaa matatu na malipo yalipangwa kwa kikao. Unaingia, unakabidhiwa nyimbo usizowahi kuzisikia, unazitoa mbili tatu zikiwa safi, unahamia studio ya pili. Campbell alipiga kwenye rekodi za Frank Sinatra, Elvis Presley, The Righteous Brothers, Merle Haggard, The Beach Boys. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni nyimbo 586 kwa mwaka 1963 peke yake.

Wenzake waliosoma nota waliangalia karatasi. Yeye aliusikiliza wimbo mara moja, akafunga kapo, kile kibano cha nyuzi, kwenye shingo ya gitaa, akapata ufunguo alioutaka, na akaleta kitu ambacho mtunga mpangilio hakukiandika. Kapo lilimpa nyuzi zinazolia wazi pale ambapo wenzake walibana kwa vidole vyote vinne. Ndiyo maana gitaa lake la ridhimu linasikika limemeremeta hata likiwa limezungukwa na violini ishirini. Kumbuka jambo hilo, maana lilikuwa lake kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba lina thamani.

Halafu ziara. Tarehe 23 Desemba 1964 Brian Wilson, mtunzi na kichwa cha The Beach Boys, alizidiwa na hofu ndani ya ndege iliyokuwa ikielekea Houston, na baada ya hapo akakataa kuendelea kuzunguka. Shoo zilikwishauzwa. Campbell akaitwa haraka, na unajua alipewa nini? Besi, pamoja na sauti ile nyembamba ya juu aliyokuwa akiimba Brian. Yaani mpiga gitaa mkubwa wa studio anasimama mbele ya maelfu ya wasichana wanaopiga kelele, ameshika chombo ambacho si chake, anaimba sehemu ya mtu mwingine, ndani ya nguo za bendi ya watu. Alifanya hivyo mpaka mwanzoni mwa 1965, na nafasi ikaja kujazwa na Bruce Johnston.

Wewe umesimama pale pale, najua. Ziara ya namna hiyo inajenga mambo ambayo studio haijengi: kukaza pumzi ukiwa umechoka, kusoma uwanja, kupiga vizuri kwenye monita mbovu. Lakini makofi yale si yako, na ni hatari kuyahesabia. Nimewaona vijana wengi waliotoka ziarani wakaamini kwamba mashabiki waliowapungia mikono watawafuata. Hawafuati. Walikuja kumwona aliyeandikwa kwenye bango, na hawana ubaya wowote kufanya hivyo.

Brian Wilson kama shukrani alimtungia Campbell wimbo na kuuprodyuzi mwenyewe mwaka 1965, "Guess I'm Dumb." Utafute usikilize. Ni kazi nzuri sana, mtunzi akiwa kwenye kilele chake, sauti ya Campbell inapanda bila shida. Haukuingia kwenye chati. Nakutajia huo kwa makusudi kwa sababu vijana wengi mnaamini mkipata tu biti moja kutoka kwa prodyuza anayetamba, mlango utafunguka. Campbell alipewa na prodyuza aliyekuwa akitamba kuliko karibu wote Marekani, na mlango ukabaki umefungwa. Ule ulikuwa wimbo wa Brian Wilson uliovishwa sauti ya mtu mwingine.

Na lebo yake je? Capitol walimsaini 1962. Wakamtoa kama mwimbaji wa bluegrass, ile kantri ya vyombo vya nyuzi, pamoja na kundi walilolibandika jina la Green River Boys. Haikushika. Wakamtoa kama bingwa wa gitaa la nyuzi 12, albamu ya vyombo vitupu. Haikushika. Wakampa nyimbo za kantri, wakampa za pop, wakampa wimbo wa kupinga vita mwaka 1965 uliofika nafasi ya 45. Tazama orodha hiyo utaona ugonjwa wenyewe: mtu anayeweza kupiga kila kitu anatumwa kila mahali. Uwezo uliompa ugali ndio uliokuwa unamficha. Prodyuza akimwita mpiga gitaa wa kukodiwa anataka kinyonga, na wewe umekuwa kinyonga bora kwa miaka mingi; sasa unataka kusimama mbele ya watu na hujui rangi yako ni ipi.

Mwaka 1967 alisikia redioni wimbo wa John Hartford, "Gentle on My Mind." Akakusanya wenzake wa studio wakaurekodi kama demo, ili awaonyeshe Capitol kwamba huu ndio anaoutaka. Ndani ya demo ile alikuwa akipiga kelele kati ya mistari kuwaelekeza wapigaji. Prodyuza wake Al De Lory akaichukua kanda, akakata maelekezo yale, akaitoa ile ile. Haikuwa na mbwembwe. Ni gitaa lake, sauti yake, na wenzake aliowazoea. Ilipotoka mara ya kwanza haikupanda sana, ilifika nafasi ya 62 kwenye chati ya pop. Lakini kwa mara ya kwanza watu walisikia mtu mmoja, na mtu huyo walitaka kumsikia tena.

Mwaka ule ule akachukua "By the Time I Get to Phoenix" ya kijana mtunzi Jimmy Webb, wimbo ambao Johnny Rivers alikwisha kuurekodi bila kelele nyingi. Kwenye Grammy za mwanzoni mwa 1968 Campbell akaondoka na tuzo nne, upande wa kantri na upande wa pop kwa pamoja. Mwaka uliofuata albamu iliyobeba jina la wimbo huo ikawa ya kwanza ya kantri kushinda tuzo ya Albamu ya Mwaka. Januari 1969 alikuwa na kipindi chake cha televisheni kwenye CBS, kilichoendelea mpaka 1972.

Angalia vizuri: nyimbo hizo hakuzitunga yeye. Alikuwa mtunzi, alilipwa mshahara kwa kutunga, na bado nyimbo zilizompa jina zilitoka kwa Hartford na Webb. Alichokuwa nacho ni sikio la kutambua wimbo unaomkaa. Sikio lile alilipata wapi? Kwenye vikao vile vya masaa matatu. Mtu aliyepita ndani ya mamia ya nyimbo, akaona ipi inasimama na ipi inaanguka ikiwa bado mbichi, anajua mengi kuliko mtu aliyekaa chumbani na nyimbo zake peke yake. Wewe una elimu hiyo. Sidhani kama umewahi kuitumia kwa ajili yako.

Kwa hiyo nitakuomba jambo gumu kuhusu nyimbo zako sita. Zirekodi zote kwa gitaa moja na sauti, simu inatosha. Usiweke biti, usiweke mwitikio. Ziache wiki mbili, kisha zisikilize kama unavyosikiliza wimbo wa msanii aliyekuita kazini, yaani kwa ukali ule ule unaoutumia kimoyomoyo unaposema "huu hautafika popote, lakini napiga, nalipwa." Kwa kila wimbo jiulize: solo hili nimelitoa kwa nani? Ridhimu hii ni ya bosi gani? Utashangaa ni kiasi gani cha muziki wako kimetokana na kazi za watu. Si dhambi, vidole vinakumbuka vilipozoea. Kinachobaki ukishaondoa vyote hivyo, hata kama ni ubeti mmoja na namna fulani ya kuchokonoa nyuzi, ndicho cha kuanzia. Na kama hakibaki wimbo hata mmoja, tafuta mtunzi. Hapa kwetu msanii huona aibu kuimba utunzi wa mwingine na kusema wazi. Aibu hiyo imewazamisha waimbaji wazuri wengi.

Nataka uangalie kwa karibu kitu kimoja zaidi, kwa sababu ndicho kinachonionyesha mpiga wa kukodiwa na msanii wakikutana ndani ya mtu mmoja. Mwaka 1968 Campbell alimwomba Webb wimbo mwingine unaotaja mahali. Webb akapeleka "Wichita Lineman" ikiwa haijaisha. Alifikiri itarudishwa aimalizie ubeti wa mwisho. Wao wakaiingiza studio ilivyo. Palikuwa na pengo mahali ambapo ubeti ungekaa. Campbell akachukua besi ya Danelectro ya Carol Kaye, ile yenye nyuzi sita, na kwenye pengo lile akapiga sauti ya wimbo wenyewe kwenye nyuzi nene, chini kabisa, polepole, na mtetemo kidogo. Basi. Mtu ambaye angeweza kumwaga noti hamsini kwa pumzi moja alichagua chache, na akazichagua zile ambazo msikilizaji alikwisha kuzisikia kutoka mdomoni mwake. Solo lile linaimba ubeti ambao haukuandikwa.

Mpiga gitaa anayehamia mbele kwa kawaida hufanya kinyume. Amenyamazishwa miaka mingi, amebanwa kwenye baa nane za solo, sasa jukwaa ni lake, na anafungulia bomba lote. Watu wanashangilia dakika ya kwanza, ya pili wanatazama simu. Ukiwa mwimbaji, gitaa lako linatumikia maneno yako kama lilivyotumikia ya bosi wako. Tena nakushauri jambo litakalokuuma: kwenye shoo zako za mwanzo tafuta mpiga gitaa wa pili na umpe sehemu ngumu. Wewe baki na ridhimu, tazama watu usoni, imba. Solo moja kwa shoo litakutosha, na litakuwa tukio.

Lakini kuimba si njia pekee, na hapa narudi upande wetu. Diblo Dibala, mzaliwa wa Kisangani, 1954, alianza kusikika Kinshasa, kisha Brussels, akaingia Paris mwanzoni mwa miaka ya 1980 akimpigia Kanda Bongo Man. Rekodi zile zilibeba jina la mwimbaji, lakini ukienda kwenye harusi au dansi kuanzia Lubumbashi hadi Mombasa, watu walikuwa wakisubiri sebene, na sebene lilikuwa Diblo. Alipotoka hakujigeuza mwimbaji. Aliunda bendi ya Loketo pamoja na mwimbaji Aurlus Mabélé, baadaye akaanzisha Matchatcha yake mwaka 1990. Alichokuwa anakiuza kilikuwa tayari mezani: gitaa lenyewe liwe mbele, mwimbaji awe mshirika. Njia hiyo inawezekana kwa muziki ambao wasikilizaji wake wanasikiliza vidole. Je, wa kwako ni wa namna hiyo? Kwenye Bongo Fleva ya leo, ambapo gitaa mara nyingi linakatwa vipande vipande kwenye kompyuta na kurudiarudia baa nne, sina hakika. Kwenye singeli, hapana. Kwenye injili na kwenye dansi, ndiyo, na hao wana watu wao na shoo zao.

Halafu Remmy Ongala, ambaye wazee wako wa Mbagala watakusimulia. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akapiga gitaa na ngoma kwenye bendi mbalimbali, na mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy. Kisha Matimila, ambayo ikawa Super Matimila, na mwaka 1988 wakazunguka Ulaya na tamasha la WOMAD. Kama mpiga gitaa Remmy alikuwa mzuri, lakini Dar hiyo ilijaa wapiga gitaa wazuri. Kilichomtoa ni kwamba alikuwa na la kusema: ufukara, kifo, mke, Ukimwi wakati watu wanaona haya kuutaja. Mtu asiyejua gitaa lina nyuzi ngapi alijua Remmy anasema nini. Alipokufa Desemba 2010, Sinza palikwisha kubeba jina lake muda mrefu.

Kwenye Dar ile ile palikuwa na sheria isiyoandikwa: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Vyombo vilikuwa vya mfanyabiashara, au vya shirika, jeshi, chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki akihama aliacha gitaa, ampli, na mara nyingine hata jina la bendi na nyimbo alizotunga. Wewe leo una gitaa lako na laptop yako, na unadhani hilo limekwisha. Halijaisha, limehama. Kinachomilikiwa sasa ni masta, yaani rekodi yenyewe, na haki za utunzi. Mwenye hizo ndiye mwenye bendi.

Hapo ndipo linapokuja lalamiko lako la jina. Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtunzi na inamtambua pia mtumbuizaji, na hao ni watu wawili hata wakiwa mwili mmoja. Ukipiga kitu ulichoelekezwa, wewe ni mtumbuizaji. Ukiingia studio, prodyuza akasema "weka chochote hapo", ukaweka mchezo wa gitaa ambao ndio umekuwa kiitikio kinachoimbwa na watoto mtaani, basi umetunga, na una hoja ya kuomba sehemu ya utunzi. Hoja hiyo inazungumzwa kabla hujachomeka waya. Wimbo ukishatoka na kupata watazamaji milioni, kila mtu atakumbuka kwamba wazo lilikuwa lake. Muombe prodyuza kwa heshima tu: "Kaka, mkipandisha wimbo, niwekee jina kama mpiga gitaa." Anayesambaza wimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni hujaza fomu yenye nafasi ya majina ya wapigaji, haimgharimu shilingi. Mtumie jina lako kamili kwa ujumbe wa simu siku ile ile, ili lisikosewe na ili ubaki na ushahidi. Na nyimbo zako sita zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujazimwaga kwenye simu za watu. Ukipiga kazi za Kenya, kule kuna vyama vya kukusanya mirabaha ya watumbuizaji na ya watunzi. Uliza namna ya kujiunga.

Kuhusu mabosi wako, waambie mwenyewe, uso kwa uso, kabla hawajaona bango lako. "Bosi, ninatoa kazi yangu mwezi fulani, ratiba yako sitaigusa." Wengi watafurahi, na mmoja anaweza kukupa dakika kumi za kufungua shoo. Ambaye atakasirika angekasirika zaidi akisikia kwa mwingine. Ukiwa bado kwenye jukwaa lake, piga kazi yake. Mpiga gitaa Mmarekani Jimi Hendrix alipokuwa akimpigia mwimbaji Little Richard alichelewa mabasi na kujimwaga mbele ya bosi mpaka mwaka 1965 akafukuzwa. Kipaji chake kilimfikisha alikofika, ila si kila mmoja wetu ana mikono ya kulipia tabia hiyo.

Mama yako msikilize kwa hesabu, si kwa woga. Mwaka mmoja, kazi za kukodiwa zikiendelea. Kila ukilipwa, tenga fungu la studio kabla hujaligusa. Toa wimbo mmoja uliopita kwenye mtihani wa gitaa na sauti, uusimamie, uupige laivu kila unapoweza. Wa pili usubiri. Campbell aliendelea kupiga kwenye rekodi za wengine mpaka nyimbo zake zilipomjazia ratiba. Mwaka 1966, akiwa tayari na mkataba wake wa lebo kwa miaka minne, bado alikuwa kwenye kiti chake ndani ya vikao vya Beach Boys na Sinatra.

Sasa ile karatasi. Nimeiacha mwisho kwa kuwa ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote uliyoniandikia. Tarehe 15 Oktoba 1965, Hendrix akiwa New York akimpigia gitaa Curtis Knight, alisaini mkataba na prodyuza Ed Chalpin wa kampuni ya PPX. Alipewa dola 1. Mrabaha ulikuwa asilimia 1, muda miaka mitatu. Kwake ilikuwa karatasi tu ya kupigia gitaa kikao kile. Septemba 1966 Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa The Animals, akamchukua London, na katika kukomboa mikataba yake ya nyuma hiyo haikutajwa. Hendrix alipokuwa jina la dunia, Chalpin akaitoa karatasi. Rekodi za zamani na Curtis Knight zikaingia madukani zikiwa na jina na picha ya Hendrix, kesi zikafunguliwa, na makubaliano yaliyofikiwa yalimlazimu atoe albamu nzima kwa upande ule. Ndiyo "Band of Gypsys" ya mwaka 1970, iliyotoka Capitol wakati lebo yake Marekani ilikuwa nyingine.

Kwa hiyo mtafute prodyuza wako umuombe nakala, leo, kwa upole, ukisema unaweka kumbukumbu zako sawa. Itazame kwa mambo manne. Kuna neno lolote linalosema utamfanyia kazi yeye peke yake, au kwamba huruhusiwi kurekodi kwingine? Inahusu wimbo ule mmoja, au kazi zote utakazofanya? Inaisha lini, na je, inajirudia yenyewe isipovunjwa kwa maandishi? Na haki za utunzi umezikabidhi, au umekabidhi upigaji tu? Usijitafsirie mwenyewe, hasa kama imeandikwa Kiingereza cha kisheria. Ipeleke kwa mwanasheria anayeshughulika na hakimiliki, na COSOTA wenyewe wanaweza kukuelekeza pa kuanzia. Ikiwa inakufunga, bei ya kujinasua ni ndogo sasa ambapo hakuna anayekujua kuliko itakavyokuwa wimbo ukishashika. Mpaka umepata jibu hilo, usipandishe wimbo wako hata mmoja, hata ule mzuri kuliko yote.